Nati Iliyozunguka kwa Kidole

Baba watoto,

Ukiamka usiguse gari. Liko juu ya mawe, na gurudumu la kushoto nimelisukuma chini ya kitanda ulicholalia. Chakula kipashe. Watoto kawachukue shule kwa miguu.

Asubuhi uliporudi kutoka kuwapeleka ulinitania: “Fundi wa kujifundisha, mbona usukani unayumba kama mlevi?” Nikacheka, kisha nikakumbuka kazi ya jana. Jana nilianza kubadilisha ile raba iliyochanika inayofunika raki ya usukani, kile chuma kinachogeuza magurudumu. Nikalegeza nati inayoshikilia mkono wa usukani kwenye gurudumu, mtoto wetu mdogo akalia, nikaondoka. Kazi isipokwisha huwa nafunga tambara jekundu kwenye usukani, na wewe ukiliona huwashi gari. Jana lile tambara nilifutia grisi, nikalianika.

Ulipolala kufidia zamu ya usiku niliingia chini ya gari. Nati ilizunguka kwa kidole. Ilibaki mizunguko miwili idondoke, na wanangu watatu walikuwa kiti cha nyuma.

~~Nawe ungeuliza kabla ya kuwasha.~~ Hapana. Kosa ni langu.

Nilisimama mlangoni nikuamshe, nikaamua kuandika. Nimekwenda kazini.

Raba mpya imeingia. Bado kibano kimoja cha kuishikilia na ile nati. Nati sikuikaza, leo siiamini mikono yangu. Kesho nitakaza mimi, halafu wewe ulale chini ya gari ushike kila nati, hata kama hujui unatafuta nini. Usinionee haya.

Mama watoto