Maziwa ya Yusuf

Hadado, Wajir

Baba yangu mpendwa,

Pole na upweke wa nyumba. Miguu je, imepungua kuvimba? Mimi ni mzima, ila joto la huku linanikausha kama omena. Simu yako inalia tu hupokei, basi naandika. Shangazi akusomee hata ukimnunia. Ameniambia tangu tulipomzika kaka Wafula hutii kitu kinywani, na kutwa uko kaburini.

Nikueleze yaliyompata jirani yangu, mzee Abdi. Mwanawe Yusuf aliporomokewa na kisima walichokuwa wakichimba, akazikwa siku ileile. Huku mtoto wa kiume akizaliwa hupewa ngamia jike wake. Basi kila magharibi mzee alimkama ngamia wa Yusuf, akayaweka maziwa kwenye mkeka wa kijana, akaita: "Yusuf! Kuja kunywa!" Hakuruhusu mtu ayaguse. Yakichacha anayamwaga, anakama mengine. Yeye mwenyewe hakuonja hata tone.

Wazee walimkemea: "Abdi, subira! Ya Allah, Allah amechukua." Akawaitikia vizuri tu, na magharibi akaita tena. Nami, Baba, nilianza kutulia jikoni kwangu nikisubiri ajibiwe. Niliogopa sana.

Wiki iliyopita hakuita. Tulimkuta amekata roho, ameegemea ua wa miiba, chombo mapajani, maziwa yangali na povu. Daktari wa zahanati hakuona ugonjwa wowote.

Nilipokwenda kutoa pole, binti yake Hibo, wa rika langu, alikuwa amekaa peke yake. "Mwalimu, kila siku mimi nabika chai, nakaa hapa na aabo," akaniambia. Aabo ndiyo baba kwao. "Hata siku moja hajaniuliza, wewe Hibo umekula?"

Magharibi bado nasikia mtu akiita. Siku hizi haitwi Yusuf, anaitwa Wafula, na sauti ni yako. Natoka nje mbio, namwona ngamia tu amesimama.

Baba, nakusihi, kula. Shule zikifungwa nakuja, nitakupikia mwenyewe, hata ule ugali wangu unaosema ni wa kujengea nyumba.

Nisalimie shangazi anayekusomea, mjomba wa duka la mbegu, na mjane wa Wafula. Mwambie namkumbuka kila siku.

Ni mimi, mtoto wako aliye hai,
Nekesa