Kiti cha Idris Kinachotazama Nyuma

Zahanatini, mbele kidogo ya Ijara
Jumatano, baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo. Na nyingine, na nyingine tena, kwa zile siku kumi ambazo simu yako ililia nami nikaiangalia tu. Najua ulikasirika. Goti lako je? Bado linakusumbua ukipanda ngazi, au ile dawa ya kuchua imefaa? Na maji ya mfereji yamerudi, au bado mwangojea zamu? Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Idris ametimiza miezi saba, ana meno mawili ya chini na ananiuma nayo kila nikimnyonyesha. Mimi mwili hauna neno, ila roho haijatulia, na ndiyo sababu ya barua hii. Kwenye simu hunipi nafasi, Mama, nikifungua mdomo tu unanikatiza. Karatasi huwezi kuikatiza. Nitampa mwalimu mmoja wa hapa anayekuja Malindi likizoni, akutilie mkononi.

Siku ile nilipokutajia kiti cha gari cha Idris, uliniambia najifanya Mzungu. Ulisema umelea watoto sita, wote mapajani mwako, basi la kwenda Mombasa na la kurudi, na hakuna aliyedondoka. Nikanyamaza, ukadhani nimekubali. Sikukubali. Nilikuwa na jambo kooni ambalo sijapata kukwambia, na leo nalitoa.

Mwaka jana, mimba ya Idris ikiwa ya miezi sita, gari dogo lilimkwepa ngamia karibu na hapa likagonga kichuguu. Dereva aliumia mkono. Ndani mlikuwa na mama mmoja aliyempakata bintiye wa miezi minane, kiti cha mbele. Mama alikuwa na mikwaruzo ya paji la uso tu. Yule mtoto nilimpokea mimi, niliyekuwa zamu hapa zahanatini. Nilifanya yote niliyofundishwa, na hayakutosha. Mamake hakulia. Alikaa kwenye benchi akitazama viganja vyake, akarudia maneno yale yale kwa Kiswahili, ili mimi nimwelewe: "Nilikuwa nimemshika. Nilikuwa nimemshika." Nikamwosha uso, nikampaka dawa kwenye mikwaruzo. Sikukwambia kwa sababu nilikuwa na mimba na ungenirudisha Malindi siku ya pili yake.

Basi likizo yangu ya uzazi, pamoja na miezi niliyoongeza bila mshahara, ilipokaribia kwisha nilianza kuhangaika. Nyumba yetu iko Garissa mjini, kazi iko huku, na Idris bado ananyonya. Kila Jumapili ni kuja, kila Ijumaa ni kurudi, kwa lile gari la Abdi aina ya Probox, analofanyia biashara yake ya mbuzi. Njia waijua ilivyo, changarawe na mchanga, na wanyama wanaojiendea watakavyo. Nikamwambia mume wangu, mtoto huyu hapandi gari mapajani mwa mtu, si mwangu wala mwa nani. Atafutiwe kiti chake.

Abdi si mtu mbaya, wamjua. Kesho yake alirudi kutoka mitumbani amekumbatia kiti, uso umemkunjuka. Ni vile viti vinavyogeuzwa, mtoto akiwa mdogo kinatazama nyuma ya gari, akishakua unakigeuza kitazame mbele, na hicho ndicho nilichokuwa nataka. Nikakipindua. Nikavua kitambaa chake. Kwenye plastiki palikuwa na ufa mrefu kama kidole, mkanda mmoja umechakaa, na karatasi ya maelezo imebanduliwa. Kiti kilichokwisha kugongwa hakitumiki tena, Mama, hata kikifuliwa kikanukia udi. Nikachukua makasi nikakata mikanda yake yote, Abdi asije akamuuzia mzazi mwingine. Hapo ndipo aliponuna. Siku mbili alikuwa akiniitikia kwa kichwa.

Mwishowe binamu yake aliye Nairobi akakubali kutununulia kipya. Maskini, nilimtesa. Nilimtumia uzito wa Idris na urefu wake, nikamwambia asome kwenye kiti chenyewe kinabeba mtoto wa kilo ngapi mpaka ngapi akitazama nyuma, akipige picha, kisha akijaribu kwenye Probox kama yetu kabla ya kulipa. Aliniuliza kama namnunulia mtoto kiti au namwoza mke. Lakini alifanya yote, na kiti kikafika kwa basi ndani ya boksi lake.

Nikaenda garini kutafuta mikanda ya nyuma. Haikuwapo! Vile vitambaa alivyoshonesha Abdi kufunika viti vimezifukia buckle zote, zile kufuli za mikanda, na nilipovifumua nikakuta buckle bila mikanda. Abdi akakuna ndevu. Alikuwa ameikata zamani, akaifanya kamba za kufungia mbuzi miguu juu ya keria. Akanieleza kwa dhati kabisa kwamba hajapata kamba nzuri kama ile, mbuzi awe mkubwa vipi haikatiki. Nikamwambia ndivyo, haikatiki, na ilitengenezwa imzuie yeye, si mbuzi. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, halafu nikaona kwamba silii kwa kucheka.

Fundi wa gereji alitaka kuunga vipande vipya kwenye vile vikia vilivyobaki, kwa sindano na uzi wa kushonea viatu. Nikakataa. Nilisimama pale juani mpaka akapata mikanda mizima, pamoja na roli zake za kujizungushia na buckle zake, kutoka Probox iliyokufa injini bila kugongwa. Mafundi wakaniita daktari wa mikanda. Waite watakavyo.

Sasa nikueleze kuhusu Ayeeyo. Huyu ni mavyaa wangu, mamake Abdi. Ayeeyo ndiyo bibi kwa Kisomali, na nyumba nzima twamwita hivyo. Yeye ndiye anayekuja nami huku kumwangalia Idris nikiwa kazini. Amezaliwa porini upande wa Sangailu. Kwao kazi ya kuvunja nyumba na kuipakia juu ya ngamia ni ya wanawake, naye tangu msichana alikuwa akipakia fito, mikeka, vibuyu vya maziwa, na juu ya yote watoto. Kwa hiyo kiti cha plastiki alikitazama kama unavyoutazama ugali wa kuungua. Alisema mtoto si mbuzi wa kufungwa. Alisema mkono wa bibi unatosha.

Abdi akakiweka kiti mbele, kando yake, kinatazama barabara, ili baba na mwana wazungumze. Nikakitoa. Mbele pale pana mfuko wa hewa unaofyatuka gari likigonga, na ukifyatuka unampiga mtoto kichwani. Nikakipeleka nyuma, kushoto, nikakigeuza kitazame nyuma, maana shingo ya mtoto wa umri huu ni laini na kichwa ni kizito; gari likisimama ghafla mgongo wa kiti ndio unaompokea mwili mzima. Abdi akaelewa. Ayeeyo ndiye aliyeshangaa.

"Hii mtoto anapa baba yake mgongo," alisema. "Anaenda safari, anaangalia kule ametoka. Hiyo ni safari gani?"

 Nilifikiri tu, Mama, kwamba hata mimi miaka minne hii tangu niolewe Garissa nasafiri hivyo hivyo, uso umeelekea Malindi.

Kiti kikawa kinacheza. Nilipitisha mkanda kwenye tundu lake la kutazama nyuma, kama picha za kijitabu zinavyoonyesha, nikavuta, nikavuta, bado nikikishika kinakwenda huku na huku. Abdi akaleta kamba ya mkonge akasema atanifungia fundo ambalo hata ngamia dume hafungui. Tukaanza kugombana uani, mimi na yeye, jua la Garissa kichwani. Ayeeyo alikuwa ameketi kivulini. Ghafla akainuka, akatusukuma kando sote wawili.

"Nani alifundisha nyinyi kufunga mzigo?"

Akapanda garini na buibui lake, akatia goti ndani ya kiti, akalala nalo kwa uzito wake wote mpaka sponji ya gari ikabonyea, na akiwa hapo hapo juu akauvuta mkanda kwa mikono miwili, kidogo kidogo, bila kuulegeza. Akashuka. Nikakishika kiti pale mkanda unapopita, nikakitikisa. Hakikwenda. Mwezi mzima nimesoma, nimetazama video, nimegombana na mafundi, na mwanamke asiyejua kusoma amekifunga kwa pumzi tatu. Nikambusu mkono, akauvuta akasema bado yeye atambeba mtoto.

Na kweli, Jumapili tulipokuwa tunaondoka, alikwisha kujipanga. Alikaa nyuma, kulia, kando ya kiti, akanyoosha mikono apewe mjukuu. Akasema leo tu, njia ya kwanza, Idris atalia kitini. Abdi akanitazama kwenye kioo. Nakuapia ilikuwa vigumu. Ananifulia mtoto, ananipikia, sijapata kumkatalia neno. Nikasema, "Samahani Ayeeyo, hapana."  Nikamvua Idris sweta, maana nguo nene inauongopea mkanda, ukadhani umekaza kumbe umelegea, nikagusa chuma cha mkanda kwanza nisimchome kwa joto la jua, nikamfunga, nikakaza mikanda ya mabegani mpaka vidole vyangu vikashindwa kuibana ikajikunja. Idris akalia. Ayeeyo nikamfunga mkanda wake mimi mwenyewe, akiwa ameangalia dirishani. Alipokosa mtoto akapakata chupa ya chai, ile kubwa yenye maua, aliyoijaza chai ya maziwa ya ngamia. Akaikumbatia kwa mikono miwili. Nikajua ananisema.

Mimi nilikaa mbele. Idris alinyamaza kabla hatujatoka mjini, akalala.  Nilikuwa nageuka kila mara nimwone kichwa, kisije kikaanguka mbele akashindwa kupumua. Tulipita vijiji, tukaingia kwenye vichaka. Abdi hakuwa anakimbiza. Twiga alitokea upande wangu, mtoto wa twiga, miguu mitupu, akasimama katikati ya njia.

Abdi alikanyaga breki kwa miguu yote. Gari liliteleza kwenye changarawe, mkanda ukanikata kifua, na kitu kikapita kando ya sikio langu kikapasuka kwenye kioo cha mbele. Chai ya moto ikanimwagikia magotini. Tukasimama hatua mbili tatu kutoka kwa yule twiga, naye akajiendea zake.

Sikugeuka mara moja, Mama. Niliogopa kugeuka. Kisha nikasikia Idris anapiga chafya.

Alikuwa pale pale, mgongo umelala kwenye kiti, macho wazi, anashangaa kaamshwa na nani. Kiti hakikuwa kimesogea. Nikamtazama Ayeeyo. Hakuwa akimtazama mtoto. Alikuwa na mikono yake miwili mbele yake, imekunjwa vile vile, duara tupu, anaiangalia. Nimewahi kuona mtu akiangalia mikono yake hivyo, mara moja tu.

"Nilishika," alisema. Akasema tena, pole pole. "Na mikono mbili, nilishika."

Nilishuka nikafungua mlango wa nyuma nikalia, safari hii kilio chenyewe. Yeye hakulia. Aliufungua mkanda wake, akamwinamia Idris, akatia kidole chini ya mkanda wa bega kuona kama umelegea. Halafu akarudi kukaa, akautafuta wake, akajifunga bila mimi.

Hiyo ilikuwa siku tatu zilizopita. Magoti yangu yamebabuka kidogo, nimeyapaka dawa. Roho ndiyo bado. Tangu nianze barua hii nimeinuka mara mbili kwenda kukitikisa kiti, na gari limesimama kivulini halina safari mpaka Ijumaa. Mara ya pili nimemkuta Ayeeyo hapo, goti ndani, anakaza. Abdi naye jana alimtuma mtu Garissa akaifungue mikanda ile ya zamani anayofungia mbuzi, sijui ya nini, imekwisha kukatwa. Amesema tu hataki kuiona.

Tutakuja Malindi Shaabani ikiingia, inshallah. Najua utatungoja barabarani kama kawaida yako, na najua utafungua mlango umchukue mjukuu wako umpakate ile njia iliyobaki mpaka nyumbani. Nakuomba, Mama, kwa magoti: usimtoe. Panda ukae kando yake. Ni kitambo kidogo tu, kisha ni wako mpaka tuondoke.

Nisalimie Baba, umwambie miwani yake nimeiagiza. Dada mkubwa na mumewe nawasalimu. Dada asimbebe yule mtoto wake wa mwisho kwenye pikipiki, mwambie nimesema mimi na akasirike. Shangazi anayeuza mahamri kibarazani, na Babu wa nyumba ya pili, wote nawaamkia. Abdi anakuamkia.

Ayeeyo ameniuliza ni nani ninayemwandikia kurasa zote hizi. Nikamwambia ni wewe, na kwamba hukubaliani na kiti. Amefikiri kidogo, kisha amesema nikuandikie hivi: kwamba mikono yake ina nguvu kuliko yako, amepakia ngamia miaka arobaini, na bado chupa ilikwenda.

Ni mimi mwanao,
Zuhura