Baba, Ule Mti Umezaa

Baba yangu,

Mti wa epo wa hapa uani Turffontein umezaa. Umezaa kwa fujo, hadi matawi ya upande wa ukuta nimeyawekea miti ya kuyaegemeza yasivunjike. Ungekuwepo ungenikatiza uniambie mtu mwenye adabu huanza na salamu, si na habari. Basi shikamoo, Baba. Tangu tulipokuzika, mwaka sasa, kila asubuhi salamu hiyo inanijia mdomoni na sina wa kumpa.

Nilikuja huku Julai ya 2015, binti wa miaka ishirini na mbili, na wewe nilikuwa nakujua kwa sauti ya simu tu. Uliondoka Lushoto nikiwa na miaka minne, ukaniacha kwa bibi. Pale stesheni ya Park ulinisogelea umebeba koti jekundu la sufu ulilonishonea mwenyewe, maana uliijua baridi ya Johannesburg. Nilipolivaa, mikono yake iliishia kwenye viwiko vyangu. Fundi mzima, uliyekuwa ukiwakatia watu suti za harusi kwa kuwatazama tu, ulishindwa kumkisia mwanao. Ulilitazama lile koti, ukanitazama mimi, ukasema, "Umekua sana," kama vile nimekukosea. Njia nzima hatukuongea tena.

Na nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Hukuwa mkali, sikusingizii. Ulinipikia, ulinitafutia kazi kwenye duka la fotokopi kule Braamfontein, ulinifundisha basi gani nipande na mtaa gani nisipite. Ila ukishamaliza kunielekeza, maneno yako yalikwisha. Uliinamia cherehani na mimi nikainamia simu yangu. Jumamosi, kipaza sauti cha uwanja wa mbio za farasi ulio jirani kilikuwa kinaongea kuliko sisi wawili.

Kitu pekee ulichokuwa ukikizungumzia bila kuulizwa ni mti. Uliniambia vyumba vilikuwepo vizuri zaidi, lakini ulichukua hiki cha uani chenye bati linalovuja kwa sababu uliuona mti wa epo umesimama mlangoni pake. Yule mzee mwenye nyumba alikueleza kuwa ni epo la kizamani, lililotafutwa na wakulima wa tambarare za Kanada, nchi ya nyasi na theluji ambako miti iliyotoka Ulaya ilikuwa ikifa hadi mizizi. Walipanda mbegu nyingi, zikafa, wakabaki na chache zilizovumilia, na huu ni uzao wa hizo. Kaka yake ndiye aliyekuja na kijiti, yeye akakibebesha, yaani akakiunganisha, kwenye shina la epo la hapa, na zamani, alisema, ulikuwa ukizaa kila kiangazi. Wewe ulipohamia, mti ukaacha kuzaa. Ulidhani umezeeka, nawe hukukubali kushindwa na mti, wewe mtoto wa shamba la maepo, ukawa unauhangaikia kila mwaka.

Machi ya 2016, Jumapili moja, ulinigongea mlango baada ya alfajiri. "Mwanaidi, vaa nguo ya kazi. Leo tunaunyonyoa." Sikuhitaji kuelezwa. Kwetu Lushoto kuna ubaridi lakini hakuna baridi ya kuupukutisha mti, kwa hiyo mtu hupanda mtini, akanyonyoa jani moja moja kwa mikono yake hadi mti ubaki mtupu, ndipo ushtuke na kutoa maua. Babu alikufundisha hivyo, nami bibi alinifundisha hivyo hivyo. Ulisimama juu ya stuli na mimi nikabaki na matawi ya chini.

Sijui ni kwa sababu mikono ilikuwa na kazi na macho hayakulazimika kukutana, lakini ulifungua mdomo. Ulinisimulia asubuhi uliyoondoka. Ulisema nililala nimekukamata shati, na kila ulipojaribu kunibandua vidole nilikaza, na gari lilikuwa linapiga honi barabarani. "Nikalivua, nikakuachia. Nikapanda gari na koti tupu ndani yake singlendi." Kisha ukauliza lile shati liliishia wapi. Nikakuambia ukweli, kwamba bibi alilifanya tambara la kuepulia sufuria. Ulicheka, Baba. Nilikuwa sijawahi kukusikia ukicheka hata kwenye simu. Tulimaliza adhuhuri, mikono imekuwa ya kijani, na kesho yake ukarudi kwenye ukimya wako.

Maua yalitoka Aprili, ukanipigia kazini kunitangazia. Juni ikaja na sakitu, ule umande unaoganda ukawa mweupe kama chumvi, na vitunda vyote vikawa vyeusi. "Mwaka ujao tutaunyonyoa vizuri zaidi," ulisema. Nami nilifurahi, kwa sababu nilisikia "tutaunyonyoa".

Sasa nifike kwenye jambo lililonikalisha hapa.

Agosti ile ile alikuja dukani kwetu mhadhiri mmoja Mkenya, Dokta Njeri, anayefundisha mambo ya mimea. Nilikuwa namtolea nakala za kurasa zenye picha za maepo, nikamsimulia habari ya mti wetu na jinsi tunavyouhangaikia. Aliweka kalamu chini.

"Huko kwenu ni sawa, baridi hakuna, lazima muidanganye hiyo miti," alisema. "Lakini hii yenu ilizaliwa kwa ajili ya baridi. Mkiitoa majani Machi inadhani baridi imeisha. Inachanua, halafu baridi yenyewe ndio inafika. Hamuisaidii, mnaiumiza. Machi ijayo iacheni tu, msiiguse. Kiangazi kitakachofuata mtakula."

Niliyaelewa yote. Nilipanda basi kurudi Turffontein nikiwa nimeyapanga maneno ya kukuambia, na nilikuwa na furaha ya mtu anayebeba zawadi. Nikafika, nikakukuta umeinamia cherehani. Ukanijibu salamu bila kuinua kichwa. Nikajiuliza, mti ukiachwa, sisi tutaongelea wapi? Nikaenda kuchemsha chai. Sikukuambia jioni ile, na sikukuambia kesho yake, na ikafika Machi.

Machi ya 2017, Jumapili tena, niliunyonyoa ule mti pamoja na wewe huku nikijua. Kila jani nililolivuta nilijua nakunyima epo. Na hapo hapo, Mungu anisamehe, ndiyo ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizopata nawe. Uliniuliza, "Shuleni ulikuwa ukiniita nani kwa wenzako?" Nikakujibu, "Baba wa Afrika Kusini." Wenzangu waliniuliza kama nina baba mwingine wa Tanzania, nikawaambia huyo bado hajapatikana. Ulicheka hadi ukashuka kwenye stuli, ukakaa chini juu ya majani, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine. Ulisema simu zako zilikuwa fupi kwa sababu ukiisikia sauti yangu ulikuwa ukisahau yote uliyopanga kusema. Ulisema uliogopa nikija nitakudai miaka yangu. Nikakaa chini na mimi. Hatukuinuka haraka.

Juni sakitu ikafanya kazi yake. Kiangazi kikaingia bila tunda hata moja, na Januari presha ikakulaza hospitali. Ulikuwa ukiongea kwa shida, lakini kila nilipokuja uliuliza neno moja, "Epo?" Nami nilikujibu, "Bado, Baba." Ningekuambia Agosti ile, mwezi ule wa Januari ndio ungekuwa unakula. Ningekuletea kitandani nikukatie vipande. Ulifariki Februari, na wenzetu wa Tanga na Unguja wakakubeba vizuri, wakakuzika kwa heshima. Mimi nilisimama na wanawake, nina siri ya mti moyoni.

Machi ilipofika sikuwa na nguvu ya kunyonyoa chochote. Majani yalidondoka yenyewe mwezi Mei, mti ukalala, baridi ikapita juu yake, na Septemba ukachanua mpaka watu waliokuwa wakipita nje walisimama kuchungulia. Mwezi uliopita nilichuma la kwanza. Ni dogo, lina michirizi myekundu, na halidumu, siku chache tu linalegea. Linaanza kwa uchachu, utamu unakuja nyuma. La dukani ni zuri zaidi, sikufichi. Nilikula nusu nimesimama, nikashindwa kumaliza.

Nimewagawia majirani. Kila mtu anasema, laiti mzee angekuwepo aone. Nawaitikia tu. Hakuna anayejua kwamba ningeweza kukuonyesha.

Mti sitaugusa tena. Nimezoea kila kitu hapa isipokuwa kuukosa ukimya wako, kwa sababu ulikuwa ukimya wenye mtu ndani. Nimejaribu kujuta ipasavyo, Baba, na hapo ndipo ninaposhindwa. Maana nikirudishwa leo kwenye ile Agosti, nikaambiwa nichague kati ya wewe kulionja lile epo na mimi kuipata ile Jumapili ya pili, ningekwenda kuchemsha chai na kunyamaza tena. Kwa hilo nakuomba radhi, kwa sababu ni haki yako mimi kukuomba, ingawa ningelirudia.

Mungu akulaze pema, na akupe huko uliko ulichokikosa kwa mkono wangu.

Mwanao anayekuhitaji bado,
Mwanaidi