Kitenzi Ambacho Hukunifundisha, Wafula

Wafula mwanangu,

Leo sikwenda sokoni. Nimekaa hapa Naguru na daftari lile nililokuwa nikiandikia Kikantoni chako, lugha ya huko ulikokuwa, kwa herufi za kuungaunga, na nina hasira na wewe.

Unakumbuka? Ulikuwa ukinipigia simu asubuhi kutoka Guangzhou, mimi napanga nyanya sokoni Nakawa, na kila mara una neno jipya uliloliokota kwa wafungashaji wenzako ghalani. Maneno ya mitaani tu. Chui sui, kupuliza maji, kumbe ni kupiga soga. Chau yau yu, kukaanga ngisi, ni kumfukuza mtu kazi. Nikakuuliza, ngisi ndiye nani? Ukacheka hadi simu ikakatika. Wan sik, kutafuta chakula, ni kuhangaikia riziki. Hilo lilienea meza zote za soko, na jirani yangu, yule mke wa polisi, mpaka leo hulisema akifungua magunia yake.

Sasa mwaka umepita tangu ugonjwa ulipokuchukua hukohuko. Mkeo hunipigia kila Jumapili nimwone binti yenu Nekesa. Ana miaka mitano, Kiswahili hana, Kiingereza hana, ni Kikantoni tu cha mama yake. Mwanzoni nilimwambia chui sui, akavunjika mbavu. Lakini mtoto utamtajia ngisi mara ngapi?

Majuma matatu yaliyopita akaanza kusema gwa chyu, gwa chyu, uso ameubandika kwenye simu. Nikapekua daftari lote, halimo. Nikaenda chuoni Kyambogo kwa kijana mmoja anayefundisha Kichina. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Nyabo, mama yangu, pole. Hii si ile Chaina mimi nafundisha, hii ni lugha ingine." Nikarudi nilivyokwenda.

Jana mkeo aliandika neno hilo kwenye simu yake hadi ikatoa Kiingereza. Ni kuwa na hamu na mtu aliye mbali nawe.

Miaka tisa uliishi huko, Wafula, na hilo hukunifundisha. Ulinipa ya kuchekesha tu, nami mjinga nikaamini uko sawa.

Nilimjibu Nekesa, gwa chyu. Halafu akauliza jambo refu, na ndani yake nikasikia neno baba, maana wao pia husema hivyohivyo. Akasubiri. Nilifungua daftari mbele yake, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka mama yake akakata simu.

Jumapili atauliza tena. Nimwambie nini, mwanangu, na kwa neno lipi?

Mama yako,
ninayepuliza maji peke yangu.