Baba, Wosia Wako Hauna Shahidi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huitikii tena, ila sijazoea kuanza kuzungumza nawe bila salamu.

Jana hakimu wa mahakama ya mwanzo aliushika wosia wako wa kumwachia mama shamba, akausoma mbele, akaugeuza nyuma.

"Mashahidi wako wapi?"

Nikamwambia umeuandika wote kwa mkono wako, ukatia sahihi na tarehe.

"Mwandiko mzuri sana," akasema. "Mashahidi?"

Ametupa mpaka Jumatatu tuwalete, la sivyo shamba lifuate mila.

Unakikumbuka kile kitabu? Biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa, mitumba imejaa Morogoro mjini. Wenzako waliteremka kuchagua makoti ya kuvaa kwenye baridi ya Mgeta. Wewe, mwalimu mstaafu, ukapanda na kitabu kinene cha sheria za Marekani kisicho na jalada. Kiingereza chake cha mawakili kilikushinda, kwa hiyo kila nilipokuja likizo kutoka chuoni Mzumbe nilikusomea na kukutafsiria, nawe ukipukuchua njegere.

Nilipofika kwenye vyanzo vya sheria ulininyamazisha. "Ngoja. Hii ni kama matuta yetu." Ukanionyesha mteremko kwa kidole: katiba yao tuta la juu kabisa, chini yake sheria za bunge lao, chini zaidi sheria za kila jimbo. Na maamuzi ya majaji yanapita katikati kama mfereji, maana uamuzi wa leo humfunga jaji wa kesho. Ulifurahi kama uliyeuchimba mwenyewe. Kisha ukauliza, "Na mila? Mila wameiweka tuta lipi?"

Nilipekua, nikakuta mistari michache tu.

"Basi wana raha," ukasema, hukucheka.

Nilijua unawaza nini. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na cha baba huenda kwa watoto wa dada yake. Shamba hili ulilinunua mwenyewe, lakini ukifa lingedaiwa na Kosmas, mtoto wa shangazi. Mama amelilima miaka yote, maana ardhi ya ukoo wake imegawanywa mpaka fungu lake halitoshi kitalu cha kabichi.

Ndipo tukafika kwenye wosia. Kitabu kilisema kwamba katika baadhi ya majimbo, wosia ulioandikwa kwa mkono wa mwenyewe hauhitaji shahidi. Mimi nilikutafsiria hivi: "Ukiuandika mwenyewe, hauhitaji shahidi." Hayo maneno "katika baadhi ya majimbo" niliyaruka. Lori la mboga lilikuwa linapiga honi barabarani, nami nilitaka kuwahi chuoni.

"Wao walitawaliwa na Mwingereza," ukasema, "na sisi tulitawaliwa na Mwingereza. Sheria zetu ni ndugu."

Nilikuwa nimesoma vya kutosha kukupinga. Nikabeba begi langu nikateremka. Na wewe ukaona umeokoka, maana shahidi gani ungempata hapa asiye ndugu wa Kosmas?

Sasa wazee wametafuta dawa yao ya zamani: niolewe na Kosmas. Mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi, shamba halitoki, mama hahami. Kosmas mwenyewe alikuja leo asubuhi, akaanza utani tangu uani.

"Mwanasheria wa mitumba! Koti lenu zuri, ila halina vifungo."

"Wewe ungelivaa hivyo hivyo."

"Ningelivaa, nani ananitazama?" Kisha akaketi. "Binamu, sina ubaya nawe. Lakini nikiliacha shamba, wadogo zangu hawatanielewa. Kubali, yaishe. Vitabu utasoma ukitoka kupalilia."

Si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonibana. Angekuwa mbaya ningejua pa kusukuma. Nimesoma ngazi zote za sheria za nchi nisiyoijua hata kwa picha, na hapa kwetu kila ninapogeuka nakutana na ndugu aliyesimama mlangoni, ananitabasamia.

Mchana nilimfuata mama shambani. Nikamweleza yote: kitabu, maneno niliyoyaruka, lori. Alinisikiliza ameegemea jembe.

"Kwa hiyo baba yako hakukosea," akasema. "Ulikosea wewe."

"Ndiyo, mama."

"Afadhali."

Akainama akaendelea kupalilia. Alipofika nusu ya tuta nikadhani yameisha. Kisha, bila kuinua kichwa, akaniuliza, "Na Kosmas umemjibu nini?"

Sijamjibu Kosmas, Baba, wala mama. Bado nimesimama hapa kwenye tuta, na mama anangoja.

Pumzika wewe uliyemaliza.

Binti yako, mfasiri wako