Mbwa Wetu Alikula Dagaa Niliowapulizia Dawa

Mama Leonia, shikamoo. Naomba msaada wako, na jina langu naomba usilitaje, maana hapa Ujiji tunajuana.

Mimi naanika dagaa na kuuza. Tuna mbwa anaitwa Bosi, analinda vichanja vyetu, na mume wangu Bariki anampenda mno. Wiki iliyopita mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, dagaa hawakukauka, nzi wakajaa, funza wakaanza, nikaona mtaji unaoza huku natazama, nikachukua dawa ya mbu, ile ya kopo, nikawapulizia, nikajiambia jua likitoka itaruka yote, na kweli jua likatoka, nzi hawakurudi, nikajaza magunia mawili nikamuuzia Winfrida wa Mwandiga, mteja wangu wa miaka sita, waliobaki nikawaacha kwenye chanja, ndipo Bosi akawala.

Haukupita muda akaanza kutapika, akaharisha maji matupu, udenda unamtoka, miguu inatetemeka. Bariki akambeba mikononi hadi kwa Selestini, daktari wa mifugo. Selestini akaniuliza, "Mama, huyu amekula nini?" Nikajibu, "Sijui, anazurura sana huyu." Mama Leonia, nilimsingizia mnyama asiyeweza kujitetea. Akapewa dawa ya minyoo. Leo ni siku ya pili hali kitu, Bariki amekaa chini pembeni yake anampa maji kwa kijiko, majirani wananisifu ninavyofua matambara yake, na mimi kila nikiinama kufuta matapishi naona dagaa wangu mle ndani. Simu nimeishika mara nyingi nimpigie Winfrida, nashindwa. Nikisema, Bariki atanionaje? Nifanyeje?

Mwenye aibu, Ujiji

MAMA LEONIA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako uliingia kwenye simu yangu Jumanne asubuhi, na gazeti hutoka Ijumaa. Sikusubiri, nilikupigia palepale. Nakujibu hapa, majina yote nimeyabadilisha, kwa sababu najua hauko peke yako kwenye vichanja.

Nilikuuliza, "Winfrida umemwambia?" Ukaanza kulia. Nikakwambia, "Utalia ukishampigia. Watu kwanza, mbwa baadaye."

Ulimpigia. Alikutukana, na ana haki. Gunia moja lilikuwa bado limefungwa, la pili alishauza mafungu saba, akazunguka nyumba kwa nyumba kuyarudisha. Mama mmoja na mwanawe walikuwa wamekula, wakatapika, wakapelekwa zahanati. Wamerudi nyumbani wazima. Shukuru Mungu, lakini usijipongeze, maana ulikaa na simu mkononi siku mbili nzima.

Kisha ukarudi kwa Selestini peke yako, na kopo lenyewe. Alikukaripia kwa kumficha, akabadilisha matibabu. Jana umeniambia Bosi amelamba uji kidogo. Huenda akapona, huenda asipone. Mpe maji kidogo kidogo, fuata dawa alizoandikiwa, usimwongezee maziwa wala dawa za mtaani ili kutuliza roho yako.

Naelewa mvua ya siku tatu inavyomtesa mwanika dagaa. Hukukusudia kumdhuru mtu. Lakini uliona funza, ukajua chakula kimeharibika, ukakiuza. Dawa ya mbu haipulizwi kwenye chakula, na jua haliiondoi. Usinililie kuhusu mvua tena.

Bariki bado hajui. Mwambie leo, mbele ya huyo mbwa, kwa mdomo wako, kabla hajasikia kutoka Mwandiga. Atakasirika. Mwache akasirike, usimkatize kwa machozi. Kesho panda gari uende kwa yule mama aliyetapika, umwombe radhi uso kwa uso, na gharama za zahanati ni zako bila kubishana.

Na hao dagaa, waliobaki kwako na waliorudishwa kwa Winfrida, usiwape kuku, usiwamwage ziwani. Chukua jembe, chimba shimo refu mbali na kisima, uwafukie wote, na Winfrida awepo akiangalia mpaka udongo wa mwisho.