Barafu ya Kale Shambani Kwako

Baba yangu,

Shikamoo, ingawa najua hutaitikia.

Miaka ile ya ubinafsishaji, kila gari geni lililopita Kilwa Masoko tuliliita la mwekezaji, na jirani yako Selemani alikuwa ameshapokonywa konde lake. Ndipo mimi, bintiyo mwanafunzi wa jiolojia, nikaleta watafiti na mtambo wa kuchoronga ardhi hadi kwenye mikorosho yako. Tulikuta wanaume wamesimama njiani na mapanga. Hakuna aliyeinua lake, hakuna aliyeliweka chini. Wewe ulikuwa katikati yao.

Ukaniuliza mbele ya wote tunatafuta nini, mafuta au dhahabu. Nilieleza kwamba zamani sana, kabla ya binadamu, dunia ilikuwa na joto, kisha ikapoa hadi barafu ikaanza kurundikana kusini kabisa. Udongo wetu wakati huo ulikuwa matope ya chini ya bahari, na magamba ya viumbe waliokufa kwa mabadiliko yale bado yamo. Watu waliguna. Selemani akasema nimetumwa kuwauza.

Ukasema, "Mwanangu hajawahi kunidanganya. Wachimbe. Wakiiba, nimeibiwa mimi."

Wenzako wenye mapanga wakaondoka bila kukuaga. Siku zote za kazi ulikaa kando ya mtambo, chakula hukigusi. Udongo wa kijivu ulipotoka, mrefu kama muwa, nilikuonyesha kwa lenzi magamba madogo kama punje za chumvi. Juu yake kidogo, kwenye udongo wa miaka ya baadaye, aina ile ya magamba haikuwepo tena.

"Baridi ndiyo iliyowamaliza hawa?"

Nikakujibu ndivyo tunavyodhani. Ukaushika udongo ule kwa mikono miwili.

Tulifukia shimo, nikarudi chuoni. Wewe ulibaki na majirani zako. Mama ndiye aliyeniambia kwamba msimu mzima hakuna aliyekuja kukusaidia kuokota korosho, wala kukaa nawe baada ya swala. Nilipokuuliza, ulisema korosho zimeshaokotwa.

Shamba halikuchukuliwa. Siku ya mazishi yako Selemani alilia, akaniambia kwamba miaka yote alimsubiri mwekezaji aje kulichukua shamba lako, apate haki ya kukukasirikia.

Sasa nafundisha. Wanafunzi huniuliza ushahidi wa barafu ile tuliupata wapi. Huwaambia tuliupata kwa mtu aliyeniamini kabla sijawa na ushahidi wowote.

Mungu akulaze pema, baba.

Bintiyo,
Zuhura